Iliki ya Usambara: Msitu Unakufa Umesimama

Wengi wetu tunaijua iliki ndani ya chai, pilau na maandazi. Ni wachache wanaojua inakotoka, na wachache zaidi wanaojua inamgharimu nini mtu anayeilima. Safari hii tunaitazama milima ya Usambara Mashariki, katika Mkoa wa Tanga nchini Tanzania, kwa sababu mambo ya huko yanamhusu kila mfanyakazi na kila mkulima wa milimani katika nchi zetu.

Asili ya iliki ni milima ya kusini mwa India. Ni mmea unaopenda ubaridi, unyevu na kivuli, na huko Amani, wilayani Muheza, uliyapata yote hayo chini ya miti mikubwa ya msitu wa asili. Wengi wa wakulima wake hawakufika huko kwa ajili ya iliki. Wao au wazazi wao walitoka mikoa mingine kuwa vibarua katika mashamba ya chai. Ujira wa chai haukutosha, na iliki ndiyo iliyolipa karo ya watoto na bati la nyumba. Kwa hiyo mkulima tunayemzungumzia si mgeni kwa chama cha wafanyakazi. Ni mwenzetu aliyeshika jembe baada ya saa za kazi.

KAZI YA KUINAMA

Mche wa iliki huanza kuzaa mnamo mwaka wa 3. Matunda yake hutokea chini kabisa, karibu na ardhi, na mchumaji huinama kutwa nzima. Tena hayaivi kwa pamoja, hivyo hapana budi kulirudia shamba lile lile mara kadhaa kwa msimu. Kilo 5 hivi za iliki mbichi zikikaushwa, hubaki kilo 1.

Mwenye shamba la iliki hakati msitu wote. Hufyeka vichaka na miche ya chini, hupunguza baadhi ya miti, na huiacha mikubwa itie kivuli. Ukitazama kutoka ng'ambo ya bonde utasema msitu upo. Lakini chini yake hakuna miche ya kurithi. Mti mkubwa ukianguka, hakuna wa kushika nafasi yake. Baada ya miaka kadhaa rutuba hupungua na mavuno hushuka. Hapo miti iliyobaki huangushwa, ikapandwa mihogo, mahindi au miwa, na mkulima akatafuta kipande kingine cha msitu. Ndiyo maana tunasema msitu unakufa umesimama.

Hata hivyo, tusimtwike mkulima mdogo lawama zote. Tangu enzi za Wajerumani misitu hiyo ilifyekwa kwa ajili ya mashamba makubwa ya kahawa, na baadaye ya chai. Hadi miaka ya 1980 magogo yalivutwa kwa mashine kupelekwa viwandani.

FIDIA HAIZAI

Mwaka 1997 Serikali ilianzisha Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani. Katika miaka ya 2000 ukanda wa Derema, unaounganisha vipande vya msitu, nao ukatengwa. Wakulima zaidi ya 1,000 walikuwa na mazao yao humo. Mashina ya iliki yalihesabiwa, kilimo kikasimamishwa, na fidia ikachukua miaka kulipwa. Hatupingi kuhifadhi msitu. Tunasema tu kwamba fedha ya fidia huliwa mara moja, bali shina la iliki lilikuwa likirudi kila msimu.

Njia iliyo bora inajulikana. Ni kulima viungo mchanganyiko nje ya msitu, kwenye shamba la mkulima mwenyewe, kwa samadi na matandazo. Iliki hupandwa chini ya miti ya grevilea, na pilipili manga hupanda juu ya shina la mti ulio hai. Mti huo sasa una kazi, na mwenye shamba hana sababu ya kuukata. Mdalasini ukikatwa huchipua tena. Mkarafuu hukawia miaka kadhaa kabla ya kuzaa, kisha huzaa kwa miongo mingi. Lakini nani atapanda mkarafuu kwenye ardhi asiyo na hakika nayo?

BEI NA MAJI

Bei ya iliki haipangwi Amani. Wazalishaji wakubwa ni Guatemala na India, na wanunuzi wakubwa ni nchi za Kiarabu, ambako iliki hutiwa katika kahawa. Mlanguzi hufika mlangoni wakati mkulima ana shida ya karo, akanunua iliki changa kwa bei ya chini. Mkulima naye huchuma mapema kwa kuogopa wezi. Ndugu zetu wa Rwenzori nchini Uganda wanaijua hali hii kwa vanila yao, hata Serikali ya huko imekuwa ikitangaza tarehe ya kuanza kuvuna. Tarehe husaidia, lakini mkulima mwenye njaa hangojei tarehe. Anahitaji ghala, mzani na kaushio la pamoja.

Nao wafanyakazi wa mjini wasidhani jambo hili haliwahusu. Mto Zigi huanzia katika milima hiyo, na bwawa la Mabayani lililo juu ya mto huo ndilo linaloupa maji mji wa Tanga. Kuli wa bandarini anapofungua bomba, anakunywa maji yaliyotunzwa na mkulima wa viungo. Wakulima wa bonde hilo wamekwisha kuunda umoja wao, UWAMAKIZI, wa kuhifadhi vyanzo vya Kihuhwi na Zigi. Mfano huo unafaa kuigwa.

Kwa hiyo tunasema: kwanza, mkulima wa milimani apewe hati ya ardhi anayoilima. Pili, ushirika wake usaidiwe kukausha na kuuza viungo bila mlanguzi. Tatu, sehemu ya fedha inayolipwa kwa maji mjini irudi mlimani kununua miche. Na vyama vya wafanyakazi vya mjini viwe vya kwanza kuyadai hayo, kwa maana msitu ukiisha, bomba nalo litakauka.