Mituweli: Kwa Nini Nyumba Nzima Inalipa?

Mwezi huu nawaletea swali lililonishinda mimi mwenyewe kwanza.

Jirani yetu mmoja hapa Gitambi, mama anayeuza ndizi, ana mtoto wa pumu. Alitaka kumlipia mituweli mtoto yule tu, maana wengine watano nyumbani ni wazima. Akaambiwa alipie wote sita, la sivyo kadi haitafanya kazi hata kwa mgonjwa. Akaja kwangu: "Mwalimu, hii ni haki kweli? Nilipie watu wasiougua?" Nami siku ile nikamwambia ana haki ya kulalamika.

Kesho yake nikaipeleka hesabu darasani. Nyumba kumi, kila moja inatoa franga 3,000. Jumla 30,000. Nyumba mbili zina wagonjwa, kila moja inatumia 12,000, yaani 24,000. Sanduku linabaki na 6,000. Sasa wazima saba waseme, "Sisi hatuumwi, tunangoja." Wanabaki watatu, wawili wagonjwa. Sanduku lina 9,000 na deni ni 24,000. Mkipandisha mchango hadi 8,000, yule mzima wa mwisho naye anatoka. Mwanafunzi mmoja akasema, "Mwalimu, basi sanduku limekufa, na wagonjwa wamebaki bila kitu." Jameni, mtoto alinishinda.

Hayo si ya ubaoni tu. Jirani zetu Tanzania walikuwa na Toto Afya Kadi ya mfuko wa bima NHIF. Mzazi alilipa shilingi 50,400 kwa mwaka kwa mtoto mmoja, na mtoto akatibiwa mambo mengi, hata makubwa. Faida nzuri hivyo, kwa bei ndogo hivyo, nani ataikimbilia? Mzazi ambaye mtoto wake tayari anaumwa. Si kosa lake, hata mimi ningefanya hivyo. Lakini wazazi wa watoto wazima hawakujiunga kwa wingi, matumizi yakapita michango, na mwaka 2023 mfuko ukasimamisha usajili wa mtoto mmoja mmoja. Ukataka watoto waingie kupitia shule, wazima na wagonjwa pamoja.

Rwanda ililiona jambo hili mapema. Mituweli ilipojaribiwa mwaka 1999 katika wilaya za Byumba, Kabgayi na Kabutare, familia ya hadi watu saba ililipa pamoja franga 2,500 kwa mwaka. Tena walingoja mwezi mmoja kabla ya kuanza kutibiwa, ili mtu asije kulipa siku anayobebwa kwa machela. Mwaka 2011 mchango ukawa wa kila mtu kufuatana na hali ya nyumba: 2,000, 3,000 ama 7,000, na wale maskini kabisa wakalipiwa. Lakini nyumba ilibidi ikamilike.

Sasa jambo limekuwa zito zaidi. Januari 2025 serikali iliidhinisha mituweli igharamie hata matibabu ya saratani na kusafisha figo. Ni habari njema sana. Lakini kadiri faida inavyokuwa kubwa, ndivyo mwenye ugonjwa mkubwa anavyoitafuta kwanza. Mzima asipobaki ndani, nani atamlipia?

Na sisi wakimbizi? Wa kambini kwa kawaida tunatibiwa kwenye zahanati ya kambi. Lakini mwaka 2019 serikali na UNHCR walikubaliana wakimbizi wa mijini na wanafunzi wanaosoma nje ya kambi waingie mituweli. Kwa hiyo wewe kijana uliye bwenini, usiseme kadi haikuhusu kwa sababu una nguvu. Nguvu yako leo ndiyo dawa ya mwenzako. Kesho yaweza kuwa zamu yako.

Nilirudi kwa yule mama kumwomba radhi, maana nilimshauri kwa haraka. Yeye alikuwa ameshaanza kulipa kidogo kidogo kwa pesa ya likelemba. Amebakiza mtu mmoja: kijana wake mkubwa, asiyeugua kamwe. Akacheka: "Huyu ndiye anayenikalia shingoni."

Nikamwambia, mama, huyo ndiye sanduku linamhitaji. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo.

Tuonane mwezi ujao.

Mwalimu wenu wa kujitolea