Je, Wajua? Jino Moja la Mbele, Manne ya Nyuma

Suzuki ilipoleta DR-Z400 mwaka 2000, miongoni mwa aina zake zilikuwamo DR-Z400S ya barabarani na porini, na DR-Z400E ya porini tu. Mwaka 2005 ikafuata DR-Z400SM, yenye tairi za lami. Zote tatu zina injini ya ukoo mmoja, ya 398 cc, na gia tano. Lakini hesabu meno ya sproketi zake. S ina meno 15 mbele na 44 nyuma, E ina 14 na 47, na SM ina 15 na 41. Ukigawanya ya nyuma kwa ya mbele unapata 2.93, 3.36 na 2.73. Hiyo ndiyo idadi ya mara ambazo sproketi ya mbele huzunguka ili gurudumu la nyuma lizunguke mara moja. Idadi hiyo inapopanda, pikipiki huvuta vizuri mlimani na mchangani, na kasi yake huisha mapema. Idadi inaposhuka, mwendo huongezeka na mvuto hupungua. Kubadili meno hakuiongezei injini nguvu hata chembe. Hubadilisha tu namna nguvu ileile inavyofika ardhini.

Je, wajua kwamba jino moja la mbele lina uzito wa karibu meno manne ya nyuma? Chukua pikipiki ya 14 kwa 50, yaani 3.57. Ukiweka 13 mbele unafika 3.85. Ukitaka kufika hapo kwa kubadili ya nyuma peke yake, itakubidi ufunge sproketi ya meno 54. Ndiyo maana wengi huanza na mbele: sproketi ndogo ni ya bei nafuu, hufunguliwa haraka, na mara nyingi cheni iliyopo hutosha. Katika gia ileile na mzunguko uleule wa injini, pale ulipokuwa ukienda kilomita 100 kwa saa, sasa utakwenda 93. Yeyote aliyepanda njia ya mawe huku gia ya kwanza ikikimbia mno, akawa anashika klachi kila hatua mpaka ikanuka, anajua thamani ya hizo kilomita saba zilizopungua.

Unafuu huo hulipiwa kwingine. Cheni inapozunguka sproketi ya meno 15, kila pingili hujikunja nyuzi 24. Kwenye meno 13 hujikunja karibu nyuzi 28, nayo imebeba mzigo wote wa injini. Kule kujikunja ndiko kunakosaga pini na bushi. Tena cheni haipiti kwenye duara kamili. Juu ya meno 13 inapita kwenye umbo la pembe 13, kwa hiyo mwendo wake hupanda na kushuka kwa karibu asilimia 3 kwa kila jino, wakati kwenye meno 50 badiliko hilo halifiki hata robo ya asilimia. Sproketi ndogo pia huishusha cheni karibu na mkono unaoshika gurudumu la nyuma, ikakwangua upesi kipande cha plastiki kilichowekwa pale kuukinga. Kwa mkazi wa milimani, ushauri wangu ni huu: tumia jino la mbele kujaribia. Ukishaupenda mvuto ulioupata, seti ya cheni na sproketi ikiisha, rudisha mbele ukubwa wa awali na uongeze meno nyuma.

Ukiongeza nyuma, andaa pia cheni. Kwa cheni ya 520, kila jino jipya huvuta ekseli mbele kwa takribani milimita 4. Meno manne yanakula milimita 16, na huenda nafasi ya kurekebishia ikaisha. Hapo unahitaji cheni ndefu zaidi kwa pingili mbili.

Na usiikaze mpaka itulie. Pikipiki za porini zina shokamzoba ndefu, gurudumu hupanda na kushuka sana, na cheni hukaza kuliko wakati wowote pale kitovu cha sproketi ya mbele, egemeo la ule mkono wa nyuma na ekseli vinapokuwa kwenye mstari mmoja. Cheni iliyoonekana sawa pikipiki ikiwa juu ya stendi inaweza kuwa imebana kabisa ukikaa na mzigo. Matokeo yake ni beringi na sili ya shafti ya giaboksi kuharibika, na matengenezo hayo ni ghali mara nyingi kuliko cheni yenyewe.

Je, wajua kwamba cheni "iliyorefuka" haikuvutika? Chuma chake kiko vilevile. Kilicholika ni pini na bushi. Kwenye cheni ya pingili 110, kila kiungo kikilika sehemu moja tu ya kumi ya milimita, jumla inafika milimita 11. Kuanzia hapo cheni haikai tena katikati ya meno. Hupanda juu, ikayachongoa na kuyapinda upande mmoja. Ndiyo sababu fundi mzuri hukataa kufunga cheni mpya juu ya sproketi zilizokwisha.

Pingili za nje na za ndani hupishana, kwa hiyo cheni huwa na idadi shufwa. Cheni ya pingili 112 kwenye sproketi ya meno 14 hurudisha pingili zilezile kwenye meno yaleyale siku zote, kwa kuwa 14 mara 8 ni 112. Kwenye meno 13, kila pingili hukutana na kila jino kwa zamu, na ulikaji husambaa.

Namba ya cheni nayo husomeka. Tarakimu ya kwanza ni umbali wa pini hadi pini kwa sehemu za nane za inchi: 520 ni tano za nane, yaani milimita 15.875, na 428, iliyo kwenye pikipiki nyingi za bodaboda, ni nne za nane, milimita 12.7. Cheni ya 525 ina umbali sawa na ya 520 lakini ni pana zaidi, kwa hiyo sproketi yake ni nene mno kwa 520. Inchi hizo ni urithi wa Manchester, ambako Hans Renold, Mswisi, alisajili hataza ya cheni ya rola mwaka 1880.

Wapo wanaobadili meno kila mara: kwenye spidiwei, yaani mbio za pikipiki kwenye uwanja wa udongo, pikipiki ina gia moja na haina breki, hivyo mafundi hubadili sproketi kati ya mbio na mbio kulingana na udongo.

Spidomita inayosoma kwenye gurudumu la mbele haitajali ulichobadili. Inayosoma kwenye giaboksi, ukipunguza jino mbele, itaonyesha kasi kubwa kuliko ya kweli, na odomita itahesabu kilomita zaidi. Muda wa kubadili oili utafika mapema kwenye kioo, na ni haki, maana injini kweli imezunguka zaidi.