Mofini si ya kuogopwa wala kuchezewa

WAGONJWA wengi wa saratani huteseka kwa maumivu ilhali chupa ya dawa imo kabatini. Sababu ni hofu. Jamaa zao wakisikia jina mofini hufikiria 'unga', wakadhani mgonjwa atageuka mraibu.

Hofu hiyo ina chanzo. Mofini hutokana na kasumba, na heroini hutengenezwa kwa mofini. Heroini imeharibu maisha ya vijana wengi Mombasa, Malindi na Lamu. Hata hivyo, dawa iliyopimwa na daktari si sawa na ile inayouzwa vichochoroni. Sheria ya Kenya ya 1994 inayopiga marufuku dawa za kulevya inaruhusu mofini itumiwe kwa matibabu.

Mwaka 1986, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo wa kutibu maumivu ya saratani kwa ngazi tatu: kwanza dawa za kawaida kama parasetamoli, kisha zenye nguvu kiasi kama kodeini, na mwisho mofini. Humu nchini, Nairobi Hospice, iliyofunguliwa 1990, ilikuwa miongoni mwa vituo vya kwanza kuwahudumia wagonjwa wa aina hii.

Hutumiwaje?

Mofini ya maji hunywewa kila baada ya saa 4, kwani nguvu zake hudumu takriban muda huo. Usingoje maumivu yarudi ndipo umpe mgonjwa. Daktari huanza na kipimo kidogo, akaongeza polepole. Siku za kwanza mgonjwa huweza kusinzia na kuhisi kichefuchefu, lakini hali hiyo hupungua. Kufunga choo hakupungui, na ndiyo sababu hupewa dawa ya kulainisha choo pamoja nayo.

Mwili ukiizoea dawa, kuiacha ghafla huleta jasho, kuhara na maumivu ya viungo. Huo pekee si uraibu. Uraibu ni pale mtu anapoitamani dawa na kushindwa kujizuia hata ikimdhuru. Daktari ndiye wa kuipunguza hatua kwa hatua. Ikiwa mgonjwa amewahi kuzoea pombe au dawa za kulevya, mwambie daktari mapema.

Hatari zake

Mofini ikizidi hupunguza kasi ya kupumua. Hatari huongezeka ikichanganywa na pombe au tembe za usingizi. Ukiona mgonjwa haamki, anapumua kwa shida, midomo imegeuka rangi na mboni za macho zimekuwa ndogo mno, mkimbize hospitalini. Huko kuna nalokisoni, dawa inayoipinga.

Tahadhari iyo hiyo yahusu tramadoli na dawa za kikohozi zenye kodeini, ambazo baadhi ya vijana hunywa ili walewe. Zote ni za jamii moja na mofini.

Kwa walionaswa na heroini, tiba ipo. Tangu mwishoni mwa 2014, Kenya imekuwa ikitoa methadoni, ambayo mraibu huinywa mbele ya mhudumu wa afya.

Nyumbani, zingatia haya:

• Fungia dawa kwa kufuli, mbali na watoto.

• Usimgawie jirani, hata akilia kwa maumivu. Kipimo cha mgonjwa wako chaweza kumuua.

• Andika saa ya kila kipimo.

• Dawa ikibaki, irudishe hospitalini.