Maji Taka ya Mawese Yaweza Kuwa Mali

Zao linaloutambulisha mji wa Rumonge, kusini mwa Bujumbura, ni michikichi. Kwa wakazi wa mwambao huo wa Ziwa Tanganyika, mawese ni chakula, ni sabuni, tena ni fedha za mahitaji ya nyumbani. Lakini mawese yana gharama yake. Kuni nyingi huteketezwa kwa kuchemshia chikichi, na maji taka yanayobaki, yakimwagwa ovyo, huweza kufika ziwani na kuwanyima samaki hewa.

Hata hivyo, maji hayo si uchafu mtupu. Katika viwanda vikubwa hutoka yakiwa na joto la nyuzi 80 hadi 90 za sentigredi. Yakiachwa yapoe kidogo na kufungiwa ndani ya tangi lisilopitisha hewa, bakteria wapendao joto, wanaostawi kwenye nyuzi 50 hadi 60, huyachachusha upesi na kutoa gesi ya methani ifaayo kwa kupikia.

Udhaifu wa bakteria hao ni kwamba kazi yao huyumba kwa urahisi. Tangi likishindiliwa uchafu mwingi kwa mara moja, asidi hujaa na gesi hupungua. Hapo ndipo umeme unapoweza kusaidia. Vijiti viwili vya kaboni hutumbukizwa tangini na kupitishiwa umeme mdogo, mara nyingi usiozidi volti moja, yaani chini ya nguvu ya betri moja ya tochi. Kwenye kijiti kimoja bakteria huivunja asidi na kutoa umeme. Kwenye cha pili, vijidudu wengine huupokea na kuigeuza hewa ya ukaa kuwa methani. Kwamba vijidudu huweza kutoa umeme kulionyeshwa na M. C. Potter wa Uingereza tangu mwaka 1911.

Inafaa ikumbukwe, hata hivyo, kwamba sehemu kubwa ya kazi hii ingali katika maabara, na kwamba nyumba nyingi nchini Burundi hazijafikiwa na umeme. Vijiti bila tangi havina faida. Bali tangi bila vijiti hutoa gesi, na mabaki yake ni mbolea. Kwa hiyo wakamuaji wadogo wa Rumonge wakikusanya maji taka yao mahali pamoja, watakuwa wamepiga hatua ya kwanza. Umeme utakapofika utaikuta kazi imekwisha anza, na ziwa likiwa limenusurika.