Lupita atafika Luanda Kotieno akiwa amekatwa juu na chini
Ukisubiri feri ya Mbita pale Luanda Kotieno, uingie kibanda cha video ucheki Oppenheimer, hujaona filamu yote. Matukio yaliyopigwa kwa kamera za IMAX yana upana mara 1.43 ya kimo, karibu mraba, mengine 2.20. Kwenye mkanda wa IMAX wa milimita 70, hayo mapana huchapwa yakiwa na weusi juu na chini, kisha ghafla picha hujaa ukuta. TV ya kibanda ni 1.78, basi IMAX inakatwa.

Mwaka 2023 mkanda huo ulionyeshwa kumbi 30 hivi duniani. Afrika? Sufuri. Sasa Lupita Nyong'o, binti wa gavana wa Kisumu, yumo kwenye The Odyssey, iliyopigwa yote kwa IMAX. Huku kwao ziwani tutakisia kilichokuwa juu ya kichwa chake.