Je, Wajua? Kutoka rafu za supamaketi hadi ubingwa

Mwaka 1994, Kurt Warner alikuwa akipanga bidhaa kwenye rafu za supamaketi usiku, huko Cedar Falls, Iowa, Marekani. Ujira wake: dola 5 na senti 50 kwa saa. Miaka michache baadaye alikuwa mchezaji bora wa ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani, NFL.

• Warner alikuwa kwotabeki, yule anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira. Mwaka huo wa 1994 hakuna timu ya NFL iliyomchagua. Green Bay Packers walimjaribu, wakamwacha.

• Hakukata tamaa. Alicheza ligi ya ukumbini, kwenye uwanja wenye urefu wa nusu ya ule wa kawaida. Mwaka 1998 alivuka bahari kuchezea Amsterdam Admirals, Uholanzi.

• Mwaka 1999 kwotabeki wa St. Louis Rams aliumia goti kabla ya msimu kuanza. Warner, mwenye umri wa miaka 28, akapewa nafasi. Pasi zake 41 zilizaa mabao msimu huo.

• Januari 30, 2000, Rams walitwaa Super Bowl, fainali ya NFL, kwa kuwafunga Tennessee Titans 23–16. Warner alirusha pasi za jumla ya yadi 414, rekodi ya fainali hiyo kwa wakati ule. Titans walizuiwa yadi moja tu kabla ya mstari wa bao, sekunde ya mwisho!