Sura ya 4: Akiba ya Nguvu Iko Wapi?

Kamanyola, pale barabara ya Bukavu kwenda Uvira inapotoa tawi la kuelekea mpakani Bugarama, unaweza kuijua saa kwa kusikiliza grenda. Mchana inalia kwa sauti ya juu, na cheche zinaruka mpaka kando ya barabara. Jua likizama na nyumba zikiwasha taa na pasi, sauti ileile inashuka, inakuwa nzito kama ya mtu aliyeelemewa na mzigo. Fundi ni yuleyule na chuma ni kilekile. Kilichopungua ni volti.

Mtu anayefungua karakana huniuliza: ninunue mashine za upepo wa kompresa, za waya wa umeme, au za betri? Nami humrudishia swali: umeme ukikatika, akiba ya nguvu yako itakuwa wapi?

Swali hili lina uzito wa pekee hapa. Mto Ruzizi unatoka Ziwa Kivu, kwenye mita 1,460 hivi, na kushuka hadi Ziwa Tanganyika, kwenye mita 770 hivi. Katika mteremko huo kuna bwawa la Ruzizi I la mwaka 1958, na Ruzizi II la mwaka 1989, linaloendeshwa na kampuni ya SINELAC kwa ajili ya Kongo, Rwanda na Burundi. Lakini jirani wa kisima naye hulala na kiu mtungi wake ukiwa mtupu. Delestaji, yaani kukatwa umeme kwa zamu, haimwachi fundi eti kwa kuwa mto unapita karibu naye.

Mashine za waya

Mashine ya waya haina akiba yoyote: inakula kinachokuja, saa kinapokuja. Uzuri wake ni bei. Kwa pesa ileile inakupa nguvu nyingi kuliko zote, nayo haichoki baada ya dakika kumi. Kwa kuranda mbao za mkaratusi au kukata vyuma vya madirisha siku nzima, haina mpinzani.

Adui yake ni volti ndogo, na mara nyingi fundi mwenyewe humwongezea nguvu adui huyo. Chukua waya mwembamba wa milimita mraba 0.75, uuvute mita 30, uendeshe mashine inayokula ampea 10: volti 14 hivi zinapotelea njiani. Kama ukutani zilikuwa 180 badala ya 220, kwenye mashine zinafika 166. Mota inalegea, fundi anakandamiza ili imalize kazi, ampea zinapanda, na muda si mrefu unanusa vanishi ya koili inayoungua. Waya wa milimita mraba 2.5 ungepoteza volti nne na kidogo tu. Waya mnene ni wa bei ndogo kuliko mota mpya.

Mashine za upepo

Upepo ulianza kazi kubwa mwaka 1861, Germain Sommeiller alipoutumia kutoboa mwamba wa handaki la Fréjus, kati ya Ufaransa na Italia. Hadi leo sifa zake ni zilezile: mashine ni nyepesi, mkononi hakuna koili ya kuungua, na inastahimili vumbi na kazi ngumu. Kwado, yaani fundi wa matairi, na mpaka rangi hawawezi kuuacha.

Ila upepo una gharama. Katika kila sehemu kumi za umeme unaoingia kwenye kompresa, ni moja tu au mbili zinazofika kwenye ncha ya mashine. Nyingi hugeuka joto. Kwenye milima yetu hewa yenyewe ni nyepesi: kimo cha Bukavu kinaipunguza kwa karibu sehemu moja ya sita, kwa hiyo kompresa huchelewa kujaza. Na tangi linadanganya macho. Tangi la lita 50 lililojazwa hadi bar 8 lina akiba isiyofika wati-saa 20. Usisahau maji pia: fungua koki ya chini kila jioni, la sivyo kutu italila tangi kwa ndani na matone yataharibu rangi ya mteja.

Mashine za betri

Sasa shika betri ya volti 18 na ampea-saa 5. Inaenea mkononi, lakini ina wati-saa 90, zaidi ya mara nne ya tangi lile zima. Hapo ndipo betri inaposhinda: ni akiba ya kweli, unaijaza umeme ukiwepo au kwa sola, kisha unaipakia kwenye pikipiki.

Akiba hiyo ina mpaka. Kwa kutoboa na kukaza skrubu itakusukuma sehemu kubwa ya siku; kwa grenda ya wati 900 itakwisha kwa dakika sita. Tena joto la bonde la Ruzizi linaizeesha. Iliyotoka kazini ikiwa moto, iache kivulini ipoe ndipo uichaji. Na chagua chapa moja, ili betri mbili zihudumie mashine zako zote.

Kupanga karakana

Fundi milango na mapaa aanze na drili ya betri, kisha msumeno na randa za waya. Mchomeaji, ambaye lazima awe na jenereta, achomeke grenda yake humohumo. Kwado na mpaka rangi watafute kompresa ya injini ya petroli, isiyongoja umeme.

Kabla ya kupanda Bukavu kununua chochote, azima maltimita. Pima volti za karakana yako asubuhi, mchana na jioni kwa wiki moja, uziandike kwa chaki ukutani, na saa za giza uziandike pia. Ukuta huo ndio utakaokuambia ni kazi zipi uziachie waya, na zipi lazima ziwe na akiba.